Dua ya Bi Nyamizi na Lori la Ubora

Ipo nchi inaitwa Sawasawa. Msiniulize iko upande gani wa dunia, kwa maana hata wachora ramani huichora kwa penseli, ili wakubwa wakibadilisha mawazo iweze kufutwa bila kuchafua karatasi. Haya yalinifikia kwa mdomo nami nayapitisha kwa mdomo, bila kuongeza chumvi. Sawasawa chumvi huongezwa kwa kibali.

Katika nchi hiyo kulikuwa na makao ya wazee yaitwayo Pumziko Jema, na humo aliishi Bi Nyamizi, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene. Ujana wake wote alikuwa mpishi wa shule ya bweni, akazoea kunyamazisha watoto mia kwa mwiko mmoja. Uzeeni mwiko hakuwa nao tena, sauti ilibaki. Kitanda chake kilikuwa cha pili kutoka mlangoni. Cha tatu kilikuwa cha Bi Sikitu, mwenzake wa kucheka na wa kununiana, ambaye tangu masika hakuweza kuinuka wala kujigeuza. Mgongo wake ulikuwa umetoka vidonda vya kulala.

Kulala, tunasema hivyo kwa mazoea tu. Vitanda vya Pumziko Jema vilikuwa na magunia yaliyoshindiliwa maganda ya mahindi, na mtu akijigeuza, gunia lilipiga kelele kuliko yeye. Bi Sikitu aliugua na kulia usiku kucha, naye Bi Nyamizi alikuwa akiamka kumgeuza, akimwombea na kumtania, mpaka jogoo awike.

Lakini msidhani kwamba Pumziko Jema halikuwa na magodoro. Magodoro lilikuwa nayo, tena mazuri, mara moja kwa mwaka, siku ya ukaguzi.

Jambo hili linataka maelezo, maana wageni huwa hawalielewi upesi. Wataalamu wa Wizara ya Wazee, Mapazia na Mambo Mengineyo waliketi zamani wakafikiri sana. Wakaona kwamba kununua magodoro ya makao yote ya nchi ni ufujaji. Mkaguzi Mkuu ni mmoja, na hawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Sasa godoro lililo mahali ambapo mkaguzi hayupo lina kazi gani? Hakuna aliyeweza kulijibu swali hilo. Basi yakanunuliwa magodoro ya makao mamoja, yakapakiwa kwenye lori, na lori likapewa kazi ya kumtangulia Mkaguzi Mkuu kila aendako.

Liliitwa Lori la Ubora. Lilibeba magodoro, mapazia ya maua, sahani ya matunda ya plastiki, na daktari mmoja aliyevaa kipimo cha moyo shingoni. Lilibeba pia paka mmoja mnene sana, mwajiriwa wa kudumu, ambaye kazi yake ilikuwa kulala jikoni ili mkaguzi ajue kwamba chakula hubaki.

Mkaguzi Mkuu, Mheshimiwa Prosperi Kibambali, hakuwahi kuliona lori hilo. Lilikuwa la njano, refu kama ghala, limeandikwa ubavuni UBORA NI WETU SOTE. Mara nyingi gari lake lilikwama nyuma yake barabarani akala vumbi. Lakini hakuliona, kwa sababu halikuwa katika mambo yaliyopangwa kukaguliwa, na yeye alikuwa mtu wa kufuata utaratibu.

*

Mwaka huo Lori la Ubora lilichelewa. Lilipata pancha njiani, na paka alipoona mlango wazi akaenda likizo porini, akatafutwa. Lilipofika Pumziko Jema jua lilikuwa limeshapanda, na meneja wa makao, Bwana Kasiani Mlowe, alikuwa akizunguka uani ameshika kichwa.

"Haraka, haraka! Magunia yaende stoo! Wazee, simameni! Sikilizeni wazee wangu, mnayajua masharti. Godoro la serikali halikojolewi, halikaliwi kona, na msizame sana. Mtu akizama sana anaonekana kama hajawahi kulala kwenye godoro."

"Na kama kweli hajawahi?" akauliza Bi Nyamizi.

"Bibi, leo siyo siku ya maswali. Leo ni siku ya majibu."

Wapakiaji wakamwinua Bi Sikitu, wakatandika godoro, wakamlaza juu yake. Ikawa bahati kwamba aliangukia lile lenye doa la bata. Miaka ya nyuma mtu alilimwagia chai, doa likakauka lina mdomo, shingo na mkia, bata kabisa. Bi Sikitu alikuwa katikati ya kumsema dereva wa lori, aliyemshika mabega.

"Polepole, we kijana, huu ni mgongo siyo gunia la..."

Hakumaliza. Bi Nyamizi alidhani amezimia, akainama kumsikiliza. Alikuwa amelala. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, uso umelegea, na kile kikunjo cha katikati ya nyusi, ambacho Bi Nyamizi alifikiri amezaliwa nacho, kilikuwa kimeondoka.

"Ee Mungu wangu," akanong'ona Bi Nyamizi. "Kumbe yuko hivi!"

*

Mheshimiwa Kibambali aliingia akiwa na tumbo mbele, msaidizi wa kubeba mwavuli nyuma, na kidole gumba hewani. Kidole hicho ndicho kilichokuwa chombo cha ukaguzi. Alikibonyeza kwenye godoro, akakitoa, akatazama godoro likirudi juu, akasema "Bora," na msaidizi akaitikia "Bora." Wazee hakuwauliza kitu. Yeye mwenyewe aliwahi kulieleza Bunge kwamba mlaji hawezi kuwa shahidi wa chakula, kwa kuwa ana maslahi.

Alikagua mapazia. Alimkagua paka, akaona ameongezeka. Alinyoosha mkono kwenye sahani ya matunda.

"Mheshimiwa," Meneja Mlowe akawahi kusema, "hayo ni ya kukaguliwa tu."

"Yameiva vizuri."

"Huwa hayaozi, Mheshimiwa. Ni matunzo."

Alipofika kitanda cha tatu akasimama, uso ukang'aa, maana pembeni ya mguu wa Bi Sikitu aliona shingo ya bata.

"Mnaona?" akawageukia wote. "Nimekagua makao ya kaskazini, bata yupo. Nimekwenda kusini, bata yupo. Milimani yupo, mpakani yupo! Ndugu zangu, kuna nchi ambazo tajiri ana bata na maskini hana. Kwetu Sawasawa, kila mzee, popote alipo, amelalia bata. Huu ndio usawa ambao wageni wanatuonea wivu."

Wafanyakazi wakapiga makofi. Bi Nyamizi aliyaziba masikio ya mwenzake kwa viganja vyake.

"Na huyu mbona hapigi makofi?" akauliza Mheshimiwa.

"Amelala kwa kuridhika, Mheshimiwa," akajibu meneja.

"Bora."

Kisha akapelekwa ofisini, ambako kulikuwa na samaki wa kukaangwa wa kukaguliwa.

*

Siku za kawaida chakula cha Mkaguzi Mkuu kilikuwa kirefu, ili lori lipate muda wa kupakia na kukimbilia makao yanayofuata. Lakini siku hiyo lilikuwa limechelewa, na makao ya Machweo Mema, ng'ambo ya mto, yalikuwa yameshawasimamisha wazee wao uani kuyangoja magodoro. Kwa hiyo dereva, jina lake Machumu, alianza kupakia huku mfupa wa kwanza wa samaki ukiwa bado mdomoni mwa Mheshimiwa.

Magodoro yakatoka moja baada ya jingine, magunia yakarudi. Godoro la Bi Nyamizi lilichukuliwa akiwa bado amekalia ncha yake. Hakulalamika, alisimama tu akajikung'uta. Ila Machumu alipoingiza mikono chini ya mabega ya Bi Sikitu, Bi Nyamizi aliruka kama mtu aliyeona sufuria inafurika.

"Mwanangu, mwache huyo."

"Bibi, Machweo Mema wananingoja."

"Amelala."

"Nitambeba taratibu, hata hatajua."

"Atajua. Ukimweka kwenye lile gunia atajua, na mimi nitajua usiku kucha. Mwachieni hili moja tu. Mnayo mengi."

"Bibi, haya yana idadi yake! Nikipeleka pungufu watasema nimeuza." Machumu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mama yake kijijini, ambaye pia alilala kwenye gunia, na ndiyo sababu hakuona ajabu.

Bi Nyamizi alimwita meneja. Meneja alikuja akijifuta mafuta ya samaki, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma kubwa sana.

"Bibi yangu, hata mimi inaniuma. Lakini godoro si langu. Mimi hata nikilala naota tu nalitunza."

Bi Nyamizi akamtazama Sikitu. Halafu akasema kwa upole, kama anayekumbuka chumvi:

"Sawa. Lakini mnapakiaje kabla ya dua?"

Meneja Mlowe akashika mdomo. Machumu akaitoa mikono yake kama aliyegusa jiko.

*

Hapo tena inabidi tueleze. Sawasawa ni nchi yenye kumcha Mungu kwa mujibu wa sheria. Kila shughuli ya serikali hufungwa kwa Dua ya Taifa, ambayo huongozwa na mzee wa mahali hapo, kuwaombea heri viongozi. Zamani waziri mmoja aliondoka kabla ya Amina, akiwahi harusi, na Rais akachukia. Ikatoka amri. Tangu dua ianze mpaka Amina, hakuna kiongozi wala mtumishi atakayefumbua macho, kutoka chumbani, au kugusa mali ya serikali. Anayeikatiza dua ya kuwaombea wakubwa atahesabiwa kwamba hawatakii heri. Na neno lolote ambalo viongozi wameliitikia Amina ni azimio, halitenguliwi na mtu.

Kwa kawaida amri hii haikumsumbua mtu. Mzee alisema, "Mungu bariki wakubwa, Amina," na magari yakawashwa.

Mheshimiwa Kibambali aliletwa kutoka kwenye samaki. Wakasimama kati ya vitanda: yeye na mwavuli wake, meneja, daktari wa lori, Machumu na wapakiaji wake, na wazee nyuma.

"Fupi kama kawaida, bibi," akanong'ona meneja.

"Fupi, mwanangu, Mungu akipenda."

Macho yakafumbwa. Bi Nyamizi akafungua mikono, akaanza kwa ile sauti ya jikoni.

"Ee Mwenyezi Mungu, Baba wa walalao na wakeshao. Tunamleta mbele zako Rais wetu, Amiri wa Majeshi, Mkulima wa Kwanza, Mvuvi wa Kwanza, Mwalimu wa Walimu. Mpe usingizi mwema. Tunamleta mke wake, mpe usingizi mwema. Tunamleta Makamu wa Rais. Tunamleta Waziri wa Wazee, Mapazia na Mambo Mengineyo..."

Akavuta pumzi. Meneja aliona mwanya.

"Inatosha, bibi," akanong'ona.

"Inatosha vipi?" Mheshimiwa Kibambali alinong'ona kwa ukali, macho ameyafumba. "Naibu Waziri wa Mapazia hajatajwa! Kesho ataambiwa nilikuwepo."

"Tunamleta Naibu Waziri wa Mapazia," akasema Bi Nyamizi.

"Na wa Mambo Mengineyo," akasema Mheshimiwa. "Hao wawili hawapatani. Ukimtaja mmoja umtaje mwenzake."

"Tunawaleta pamoja, wapatanishe."

"Mkuu wa Mkoa," akasema meneja, ambaye naye alikuwa na wakubwa wake.

"Tunamleta Mkuu wa Mkoa."

"Mganga Mkuu," akasema daktari.

"Bibi, na sisi wa magari tuna mkurugenzi," akadokeza Machumu. "Bwana Tabaro wa Matairi. Ana kinyongo yule."

"Bwana Tabaro, ee Mungu, mpe pumzi, yeye na matairi yake."

Hivyo ndivyo dua ilivyorefuka. Bi Nyamizi alipanga kuirefusha mwenyewe, na kwa shida, kwa kuwa majina aliyoyajua hayakuwa mengi. Hakutegemea msaada kama huu. Kila aliyetajwa alikuwa na mkubwa mwenzake ambaye angekasirika kuachwa, na kila mkubwa alikuwa na msaidizi, mwenyekiti, mlezi na katibu. Kutoka uani ilisikika simu ya lori ikilia na kulia. Ilikuwa ni Machweo Mema, wanauliza bata amefika wapi.

Jua likasogea. Mheshimiwa Kibambali alikuwa mzito, ameshiba, na viatu vyake vilikuwa vipya. Amri ilikataza kufumbua macho lakini haikukataza kuketi, kwa hiyo alipapasa akapata ukingo wa kitanda, akajiachia. Gunia lilipiga kelele. Maganda ya mahindi yakapenya suruali yake ya sherehe mahali pengi kwa pamoja.

"Nani ameweka kuni humu?"

"Siyo kuni, Mheshimiwa," meneja akasema kwa sauti ndogo. "Ni kitanda."

"Kitanda cha nani?"

Meneja akainamisha kichwa kama anayeomba zaidi. Ndipo Mheshimiwa Kibambali, kwa mara ya kwanza tangu apewe cheo, akamuuliza mzee swali.

"Bibi, ni wewe unayelala hapa?"

Aombaye haongei na watu, anaongea na Mungu tu. Bi Nyamizi alilijua hilo vizuri.

"Ee Mungu," akasema, "mtumishi wako anauliza kama ninalala hapa. Mwambie hapa halali mtu. Hapa tunangoja kuche."

Mheshimiwa hakusema "Bora." Alijaribu kusogea upande wa pili wa gunia, akakuta ni vilevile. Hapo wote wakasikia sauti moja ndogo, ya kukoroma, kutoka kitanda cha tatu.

"Unamsikia, ee Mungu," akasema Bi Nyamizi, na ile sauti nene ikapungua. "Huyo ni Sikitu, mja wako. Tangu masika sijamsikia akikoroma. Wewe ndiye uliyempa huu usingizi, na sasa yupo mtu anayetaka kuutoa chini yake. Simjui ni nani. Namwombea, maana ana mzigo mkubwa siku ya kuulizwa. Nataka nimtaje kwa jina lake kamili, usije ukamchanganya na mwingine." Akageuza uso kidogo, macho bado ameyafumba. "Machumu mwanangu, jina la baba yako nani?"

"La nini, bibi?" Jasho likamtoka dereva. "Mimi dereva tu! Nabeba ninachoambiwa. Mtaje Bwana Meneja. Kasiani Mlowe, huyo hapo."

"Wewe Machumu, una wazimu?" akasema meneja. "Mimi napokea na kurudisha. Lori si langu. Bibi, mtaje Mheshimiwa. Prosperi, kwa p mbili."

"Mimi?" Gunia lililia. "Mimi hilo lori sijawahi kuliona! Ulizeni nchi nzima!"

"Basi si Machumu?" akauliza Bi Nyamizi.

"Si mimi."

"Si Meneja?"

"Hapana, bibi."

"Si Mheshimiwa?"

"Katu!"

"Ee Mungu, umesikia kwa masikio yako. Tumetafuta anayeliondoa godoro hili tumemkosa. Basi halina wa kuliondoa. Na libaki."

Wote wakangoja wameinamisha vichwa, wamekaza taya kama watu wanaosubiri kupiga chafya.

"Amina," akasema Bi Nyamizi.

"AMINA!" Paka alitoka mbio jikoni. Haijawahi kuitikiwa Amina kama ile Sawasawa, wala kwenye sikukuu. Mheshimiwa Kibambali aliitamka akiwa ameshasimama, na ilipomtoka ndipo akakumbuka amri inasemaje kuhusu viongozi wanaoitikia. Akamtazama meneja. Meneja akamtazama Machumu. Machumu akatazama godoro, akafunga kamba zake, akaondoka nalo kwa macho tu.

*

Jioni hiyo, huko Machweo Mema, Mheshimiwa Kibambali alibonyeza kila godoro kwa kidole chake akitafuta bata. Hakumwona. Akatangaza, kwa masikitiko, kwamba ubora katika eneo la ng'ambo ya mto umeshuka, tukio la kwanza katika historia ya taifa. Iliundwa Tume ya Kuchunguza Kupotea kwa Bata. Tume ilishauri kwamba bata mwingine achorwe kwa chai kwenye godoro lolote lililobaki. Ushauri ukakubaliwa, na usawa ukarejea.

Kuhusu godoro lenyewe tume haikusema kitu. Kulirudisha kulihitaji mtu wa kutia sahihi kwamba yeye ndiye anayeliondoa, na mtu huyo bado anatafutwa.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Alasiri ile, lori lilipokuwa limetoweka na vumbi kutua, Bi Sikitu alifumbua macho. Alikuwa amegeukia ukutani. Amina ilipoitikiwa alikuwa amejigeuza mwenyewe, bila kushikwa na mtu, na Bi Nyamizi alikuwa ameketi pale anaitazama migongo miwili: wa mwenzake, na wa bata uliochungulia chini yake.

"Nyamizi," akasema Bi Sikitu kwa sauti ya usingizi, "wakaguzi wamekuja?"

"Wamekuja. Wameondoka."

"Wamesemaje?"

"Wamesema Amina."

Bi Sikitu akapapasa godoro, akalipapasa tena, akashangaa. Kisha akatazama kitanda cha jirani.

"Na la kwako liko wapi?"

"Limepanda lori." Bi Nyamizi akajilaza, gunia likapiga kelele, naye akalipiga kofi kulinyamazisha. "Lala, usinisumbue. Mwakani litarudi, nami nitawaombea tena. Leo sikuwa na majina ya kutosha. Sasa wamenitajia wenyewe, wote."